Anzia kwenye kanda, si kwenye namba

Anayeulizia vifaa vya kusikilizia muziki kwa kompyuta siku hizi hujibiwa kwa namba. Biti 24, kilohezi 96, kilohezi 192. Kadiri namba inavyopanda ndivyo na bei inavyopanda, na boksi likiwa na kile kibandiko cha dhahabu na nyeusi cha Hi-Res (sauti ya ubora wa juu), muuzaji haoni haja ya kusema zaidi. Ushauri wangu kwa msomaji wa Tukuyu, Kiwira, Katumba au Lwangwa mwenye laptopu, hata ya mtumba, na pesa ya kuhesabu, ni kwamba afuate njia nyingine. Kwa kusikiliza tu, namba hizo kubwa zitamsaidia kidogo mno, na pesa yake ina kazi bora zaidi kwenye spika na kwenye chumba. Kwa kurekodi, na hasa kwa kuokoa kanda za kwaya zilizolala makabatini wilaya nzima ya Rungwe, namba hizo hizo zina faida ya kweli. Asiyetenganisha kazi hizi mbili atanunua kifaa kizuri na kukitumia mahali kisipohitajika.

Tuanze na namba zenyewe, maana wauzaji huzitaja bila kuzieleza. Kompyuta haihifadhi wimbi la sauti. Huhifadhi vipimo vya wimbi hilo, vinavyochukuliwa kwa haraka sana kimoja baada ya kingine. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kwa kazi ya Sony na Philips, hupima mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani huangukia kwenye ngazi mojawapo kati ya 65,536. Kasi ya kupima ndiyo inayoamua sauti nyembamba kiasi gani itanaswa. Hesabu iliyoanzishwa na Harry Nyquist na kukamilishwa na Claude Shannon mwaka 1949 inaonyesha kwamba ukipima mara 44,100 unaweza kunasa kila kilicho chini ya hezi 22,050 na kukirudisha kama kilivyokuwa, bila kukisia. Sikio la kijana mwenye afya hufika karibu hezi 20,000, na umri ukisogea linashuka. Idadi ya biti nayo huamua nafasi iliyopo kati ya sauti kubwa kabisa na ule mnong'ono wa mwisho kabla haujamezwa na kelele ya mfumo wenyewe. Kila biti huongeza kama desibeli 6, kwa hiyo biti 16 hutoa kama 96, na biti 24 hutoa 144 kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi kwa sababu hata vifaa vizuri sana vya nyumbani huishia kwenye 120 na kitu.

Sasa zilete hizo desibeli 96 sebuleni. Chumba kilichotulia usiku bado kina kelele ya desibeli 30 hivi: friji, mbwa wa jirani, upepo kwenye migomba. Ukifungulia muziki hadi vilele vyake vifike desibeli 100, kiasi cha kumfanya jirani aje kugonga mlango, nafasi uliyonayo kati ya kelele ya chumba na kilele cha wimbo ni desibeli 70 tu. CD imeshapita hapo zamani. Na hiyo ni bila mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyumba nyingi zimeezekwa bati; mvua ya Aprili ikishuka kwenye bati lisilo na dari, watu waliokaa kochi moja huacha kuongea wakasubiri ipite. Tofauti ya biti 16 na 24 kwenye chumba hicho imezikwa chini kabisa ya kelele.

Wapo watakaosema hesabu ni hesabu na masikio ni masikio. Hoja hiyo ni ya haki, na ilishapimwa. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio lao kwenye jarida la Audio Engineering Society: wasikilizaji walipewa rekodi za SACD na DVD-Audio, diski za ubora wa juu, mara zikipita moja kwa moja, mara zikipitishwa kwanza kwenye kifaa kinachozishusha hadi ubora wa CD, nao hawakuambiwa ni ipi. Katika majaribio 554 walipatia 276, sawasawa na anayekisia. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500, akakuta kwa ujumla wamepatia asilimia 52.3, na waliofunzwa kwanza nini cha kusikilizia walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo anayedai hakuna tofauti hata chembe naye anatia chumvi. Lakini tofauti inayohitaji mafunzo, chumba tulivu na maelfu ya majaribio ili ionekane si jambo la kumfanya mtu wa Ushirika, hapa Rungwe, auze mbuzi.

"Mbona mimi nimesikia kwa masikio yangu?" Huenda ni kweli umesikia kitu, ila sababu yake ni nyingine. Kwanza, nakala mbili za wimbo mmoja zikipishana kwa sauti hata kidogo tu, iliyo juu zaidi hupendwa, na msikilizaji huapa kwamba ina ubora zaidi. Pili, faili linalouzwa kama la ubora wa juu mara nyingi limetengenezwa upya studio, kwa mikono tofauti na kutoka kwenye kanda tofauti. Kilichobadilika hapo ni kazi ya fundi, na kazi hiyo ingesikika vilevile kwenye CD. Jaribio la haki ni rahisi: chukua faili moja la biti 24, litolee nakala ya biti 16 na kilohezi 44.1 kwa Audacity, programu ya bure, kisha mtu mwingine akuchezee huku umegeuza mgongo, mara 15 au 20, akiandika majibu yako. Programu ya foobar2000 ina kiongezi cha kufanya jaribio hilo hilo bila msaidizi. Fanya hivyo kabla ya kutoa pesa.

Kuna pia ulaghai wa wazi. Mafaili mengi yanayozunguka kwenye fleshi na kwenye makundi ya simu kwa jina la FLAC au Hi-Res yalikuwa MP3 tangu mwanzo, yakageuzwa ili yaonekane makubwa. Hili huhitaji sikio kulibaini, linaonekana kwa macho. Fungua faili ndani ya Audacity, badilisha mwonekano wa wimbi uwe spektrogramu, uangalie upande wa juu. Wimbo wa kweli hufifia taratibu kadiri unavyopanda. MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida huishia kwenye kilohezi 16 hivi, na juu ya hapo ni weusi mtupu, kama migomba iliyofyekwa kwa panga kwa usawa mmoja. Faili la namna hiyo hata likiandikwa kilohezi 192 ni mzigo wa bure kwenye diski.

Hapo ndipo penye hasara halisi, na ndiyo maana nasema chanzo kwanza. Msikilizaji ambaye wengi wetu tunamjua, anachokosa si biti 24. Anakosa hata CD. Nyimbo zake aliingiziwa kwenye kibanda cha stendi, MP3 iliyobanwa ikabanwa tena, na safari ya mwisho ikapita WhatsApp. Kutoka hapo hadi ubora wa CD ni hatua ambayo sikio lolote huitambua: matoazi yanaacha kuchuruzika kama maji, na sauti za kwaya zinaachana. Ukiwa na CD zako halali, laptopu yenye sehemu ya CD na programu ya Exact Audio Copy vinatosha kuzihamisha kwenye FLAC, mfumo uliotoka mwaka 2001 ambao hubana faili bila kutupa kitu. Likifunguliwa linarudi biti kwa biti. Kwa kununua, Bandcamp huruhusu kupakua FLAC, na Apple Music iliongeza sauti isiyopunguzwa mwaka 2021. Angalia bando lakini. Wimbo wa dakika tano wa biti 24 na kilohezi 96, kabla ya kubanwa, ni kama megabaiti 173; wa ubora wa CD ni 53, na FLAC huweza kuushusha hadi karibu nusu. MP3 ya kilobiti 128 haifiki 5. Anayepakua albamu nzima kwa namba za juu anachoma bando la mwezi kwa kitu ambacho jaribio la mgongo uliogeuzwa litamwambia hakukisikia. Na kwa muziki wetu wa zamani jambo ni jepesi zaidi. Rekodi za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na wenzao zilizofanywa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam zilinaswa kwenye kanda za sumaku, na kanda ina kelele yake na mpaka wake. Nakala safi ya ubora wa CD inabeba vyote vilivyomo.

Baada ya chanzo, laptopu. Si lazima ununue kigeuzi cha nje, kile kifaa kinachogeuza namba kuwa umeme wa kupeleka kwenye amplifaya. Kwanza chomeka hedfoni, fungulia sauti mwisho bila kucheza wimbo wowote, kisha sogeza kipanya na ufungue mafaili mawili matatu. Ukisikia vifilimbi na mikwaruzo inayofuata kipanya, kelele ya ndani ya mashine inaingia kwenye sauti, na hapo kigeuzi cha USB kina sababu. Hakihitaji kuwa cha fahari: kile kiwaya kifupi cha Apple cha USB-C, kinachouzwa dola 9 Marekani, kina kigeuzi safi cha biti 24 na kilohezi 48, na kwenye Windows hufanya kazi vizuri, ingawa kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti ndogo. Ukiona kimya tupu, acha pesa mfukoni. Kwenye mipangilio ya sauti ya Windows weka kasi ya 44,100 kama nyimbo zako nyingi zimetoka kwenye CD, ili mashine isizigeuze kila wakati. Na kama spika zako ni za Bluetooth, sahau habari ya Hi-Res yote, kwani sauti hubanwa upya kabla ya kurushwa hewani. Waya wa AUX wa bei ya chai na chapati unashinda hapo.

Pesa kubwa iende kwenye spika. Najua jibu la wengi ni sabufa, na sina ugomvi nayo. Kwa harusi na kwa mpira inafanya kazi yake. Tatizo ni kwamba sabufa nyingi za dukani zimetengenezwa kutikisa kabati, na zile spika mbili ndogo zinazokuja nayo zinaachiwa kazi yote ya sauti ya mtu, ambayo ndiyo tunayoisikiliza zaidi. Besi inafunika sauti ya tenor, soprano inapiga kelele. Jozi ya spika mbili za wastani zenye koni ya inchi tano au sita, hata za mtumba, pamoja na amplifaya isiyo na mbwembwe, zitakupa wimbo ulio karibu zaidi na ulivyoimbwa. Ziweke usawa wa sikio unapokaa, mbali na kona kwa hatua moja, zikikuangalia. Kisha shughulikia chumba. Ukuta wa saruji na sakafu ya saruji hurudisha sauti mara nyingi mpaka maneno yanachanganyikana; zulia, pazia zito na makochi hufanya zaidi ya kigeuzi chochote, na dari, hata ya mbao nyembamba, hupunguza ngurumo ya bati. Hakuna anayeuza dari kwa kibandiko cha Hi-Res. Pengine ndiyo sababu haitajwi.

Kwenye kurekodi mambo hugeuka. Wamoraviani walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo wilaya hii imekuwa nchi ya kwaya. Miaka ya kanda za kaseti kwaya nyingi zilirekodi, zikauza kanda kwenye mikutano ya injili, na nakala zilizobaki sasa ziko kwa watu binafsi: kwa mama mchungaji, kwa katibu wa kwaya aliyestaafu, chini ya kitanda. Unyevu wa huku haukuziacha salama; ukifungua kasha utaona unga mweupe wa kuvu ukingoni mwa mkanda. Muziki huo haupo Spotify wala haupo kwenye duka la mtu. Ukiisha, umeisha. Mwenye laptopu anaweza kuuokoa, na katika kazi hiyo biti 24 zina maana.

Fundi mwenye jicho kali atapinga: kanda ya kaseti ina nafasi ya desibeli 50 au 60 tu na inaishia karibu kilohezi 15, biti 16 zinaitosha na kubaki. Ni kweli, zinatosha kuihifadhi ikishakamilika. Ugumu uko wakati wa kunasa. Hujui kwaya itapaza wapi; ukiweka kiwango juu, kilele kimoja kitapasuka na hakitengenezeki tena, na ukiweka chini kwa tahadhari, kila desibeli 6 unazoacha juu ni biti moja uliyoitupa. Kisha utapandisha sauti, utapunguza mvumo, utasawazisha pande mbili, na kila hatua hula kidogo. Kwa biti 24 unaacha nafasi ya desibeli 12 au hata 18 juu ya kilele bila kupoteza kinachosikika. Ndiyo sababu chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinapendekeza isiwe chini ya biti 24 na kilohezi 48. Kuhusu kasi, kilohezi 48 zinatosha kaseti. 96 zinaongeza uzito wa diski maradufu, na kwa kaseti sioni faida yake.

Laptopu nyingi zina tundu moja tu, nalo hupokea maiki ya upande mmoja, kwa hiyo hapa ndipo pa kununua kadi ya sauti ya nje yenye milango miwili ya kuingizia: Behringer UMC202HD au Focusrite Scarlett 2i2, zote zinafikisha biti 24. Deki tafuta iliyo nzima kuliko zote mtaani, na usiitumie kabla hujasafisha kichwa cha kusomea na kile kiringi cha mpira kwa pamba na spiriti. Kanda yenye kuvu usiicheze. Itahamishia kuvu kwenye deki na kwenye kanda zinazofuata. Iliyo nzuri ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe, mkanda ulegee, ndipo uanze. Pembeni ya kichwa kuna skrubu ndogo. Wimbo ukiwa unacheza, izungushe kidogo sana kwa bisibisi huku ukisikiliza kwa hedfoni, na utafika mahali ambapo sauti iliyokuwa imefungwa inafunguka ghafla, herufi za "s" zikasikika. Acha hapo. Kanda inayofuata itataka pake, kwa sababu ilirekodiwa kwenye mashine nyingine. Hatua hii ya dakika mbili huongeza kwenye kaseti zaidi ya kilohezi zote za dukani.

Ukisikia mvumo mzito usioisha, huo ni umeme wa ukutani wa hezi 50 unaozunguka kati ya chaja ya laptopu na deki. Chomoa chaja, rekodi kwa betri, na mara nyingi mvumo unakatika papo hapo. Faida ya pili ni kwamba umeme ukikatika hupotezi faili, na radi ya Rungwe ikipiga, laptopu haiko kwenye soketi.

Kwa kurekodi kwaya au ngoma za leo, kama zile zinazochezwa Tukuyu kwenye tamasha la ngoma za asili la Tulia, swali la kawaida ni kwa nini simu isitumike. Itumike, kama hakuna kingine. Lakini simu nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe: ngoma kubwa ikipigwa, waimbaji wanazama, halafu wanaibuka polepole. Rekoda ndogo ya mkononi kama Zoom H1n inakuachia uamue kiwango mwenyewe, na inarekodi biti 24. Iweke kwenye kistendi mbele ya waimbaji, kimo kidogo juu ya vichwa, si mezani, na umalize kabla ya mvua ya alasiri, maana hakuna programu inayoitoa mvua ya bati ndani ya kwaya bila kuondoka na sauti ya tenor.

Saa moja ya biti 24 na kilohezi 48 ni kama gigabaiti moja, kwa hiyo diski ya terabaiti moja inabeba saa zaidi ya mia tisa, nyingi kuliko kanda za usharika wowote. Hifadhi faili la kwanza kama lilivyotoka, bila kulisafisha, na nakala iliyosafishwa iwe kando. Jina la faili lianze na kwaya, usharika, mwaka na mwenye kanda. "Wimbo 07" baada ya miaka mitano hakuna atakayejua ni wa nani. Nyimbo ni mali ya kwaya, basi omba ruhusa kabla ya kuzisambaza. Diski zenyewe ziwekwe kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi za viatu vipya, na ziwe mbili: moja ikae kwa katibu wa kwaya, nyingine kwa ndugu wa Mbeya mjini, naye kila akija Krismasi aje nayo ichomekwe na kuchezwa mwanzo hadi mwisho wa faili mbili tatu.